Mtoto Asiyetulia na Mlango wa Rumande

Mazungumzo ya afya ya mtoto na kijana

   Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Punguza moto wa sufuria kidogo, vuta kiti karibu na redio, maana mada ya leo ni ya historia na ni ya nyumbani pia.

Leo tunazungumza juu ya mtoto asiyetulia. Unamjua. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye yuko dirishani. Ukimtuma sukari, anarudi bila sukari na bila pesa, na hajui alichotumwa. Anakatiza watu maneno. Anapanda, anaruka, anavunja. Majirani wamempa jina, na jina lenyewe si zuri. Akifika darasa la sita ameshafukuzwa shule mbili. Akifika miaka 14 yuko stejini na manamba au anaokota chuma chakavu. Siku moja unapigiwa simu kwamba yuko kituo cha polisi.

Si kila mtoto wa namna hiyo ni mgonjwa. Lakini wako ambao ubongo wao una tatizo linalojulikana na madaktari, tatizo ambalo hospitalini utasikia likiitwa ADHD. Kwa Kiswahili tuseme ni upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Leo nataka tuone jinsi watoto hawa walivyotazamwa tangu zamani, na kwa nini wengi wao walipelekwa kwa askari kabla ya kufika kwa daktari.

Tatizo lenyewe ni nini

Mama, fikiria matatu iliyo na injini nzuri lakini breki zake ni hafifu. Dereva si mtu mbaya na gari si bovu, ila kusimama kwake ni kwa shida. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kusubiri, kupanga, kukumbuka tulichoambiwa, na kujizuia kabla ya kutenda. Kwa mtoto mwenye ADHD, sehemu hiyo hukomaa polepole na hufanya kazi kwa namna tofauti.

Dalili ziko za aina tatu: kukosa umakini, kutotulia, na kutenda kabla ya kufikiri. Daktari hatasema ni ADHD kwa sababu mtoto alikusumbua wiki moja. Dalili lazima ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamharibia maisha. Kwa wasichana mara nyingi utukutu hauonekani. Msichana amekaa kimya, mawazo yako mbali, na watu wanasema ni mzembe. Huyo naye husahaulika.

Mwaka 1902: milango miwili

Sasa turudi nyuma. Tayari mwaka 1798 daktari wa Scotland, Alexander Crichton, alikuwa ameandika juu ya watu ambao akili yao haiwezi kukaa juu ya jambo moja. Lakini mwaka wa kukumbuka ni 1902. Mwaka huo, jijini London, daktari wa watoto aliyeitwa George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza juu ya watoto aliowatibu. Walikuwa na akili za kawaida, lakini hawakuweza kujitawala. Walikuwa na hasira za ghafla na hawakudumu katika jambo lolote. Tena aliona kitu ambacho mama yeyote wa hapa angeweza kumwambia: mtoto anaadhibiwa, na baada ya saa chache anarudia kosa lile lile. Still alidhani ni upungufu wa maadili. Hata hivyo alisema jambo jipya, kwamba chanzo kinaweza kuwa mwilini, wala si malezi mabaya tu.

Mwaka huo huo wa 1902, katika Uingereza hiyo hiyo, gereza la vijana lilianzishwa katika kijiji kinachoitwa Borstal, eneo la Kent. Kusudi lilikuwa kuwatenga vijana na wafungwa wakubwa, wafundishwe kazi na nidhamu. Jina la kijiji likawa jina la magereza ya aina hiyo yote, na mwaka 1908 yakawekwa katika sheria.

Ona basi, msikilizaji. Mwaka mmoja, nchi moja, milango miwili: mmoja wa daktari na mmoja wa askari. Mtoto wa tajiri asiyetulia aliweza kuonwa na daktari. Mtoto wa maskini mwenye tabia ile ile alisubiriwa na askari.

Milango hiyo ilipofika Kenya

Wakoloni walituletea yote mawili. Mwaka 1910 hospitali ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa Nairobi, ile tunayoiita leo Mathari. Karibu na wakati huo huo shule ya kurekebisha wavulana ikaanzishwa Kabete, ambayo baadaye ilijulikana kama Kabete Approved School. Lakini Mathari haikuwekwa kwa ajili ya mtoto mtukutu wa Mwafrika. Mtoto huyo njia yake ilikuwa Kabete, na kabla ya Kabete ilikuwa kiboko.

Wengi waliokamatwa mijini hawakuwa na ugonjwa wowote. Walikuwa watoto wasio na kazi, wasio na kwao, waliokamatwa kwa uzururaji. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, wavulana wengi wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru walizuiliwa pamoja na watu wazima. Katikati ya miaka ya 1950 wavulana waliokuwa Manyani walihamishiwa Wamumu, upande wa Mwea. Hao walikuwa wafungwa wa siasa na vita, na hatuwezi leo kuwapa jina la ugonjwa. Ninawataja kwa sababu moja. Wamumu walipewa ratiba, masomo, ufundi na michezo. Geoffrey Griffin, aliyefanya kazi na vijana hao, ndiye aliyeanzisha Starehe mwaka 1959 pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kuwapokea wavulana wasio na makao. Kambi ilibaki kambi, na kumfungia mtoto hakukuwa haki. Lakini watu waliona kwamba kijana aliyeitwa mkorofi akipewa utaratibu, kazi ya mikono na mtu mzima anayemwamini, hubadilika.

Kenya ilipokuwa inapata uhuru mwaka 1963, sheria ya taasisi za Borstal ilipitishwa, kwa vijana wa miaka 15 hadi kabla ya 18. Shimo la Tewa kule Mombasa na Shikusa kule Kakamega ni za wavulana. Baadaye ikaja Kamae ya wasichana, si mbali na sisi, upande wa Kamiti. Waingereza wenyewe waliamua kuzifuta Borstal zao kwa sheria ya mwaka 1982. Sisi tukabaki na jina la kijiji chao.

Wakati huo upande wa daktari

Upande wa pili mambo yalikuwa yanasonga. Mwaka 1937, Charles Bradley, daktari katika hospitali ya watoto kule Rhode Island, Marekani, alikuwa anatafuta dawa ya kuumwa kichwa. Aliwapa watoto 30 dawa ya Benzedrine. Alishangaa kuona karibu nusu yao wametulia wakaanza kusoma vizuri sana. Dawa ya kuchangamsha mwili ikawatuliza! Ni kwa sababu iliamsha ile sehemu ya ubongo inayoshika breki. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon alitengeneza Uswisi dawa ya methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, na ndiyo inayotumika sana hadi leo.

Jina la tatizo nalo limebadilika. Mwaka 1968 madaktari wa akili wa Marekani waliliita tatizo la watoto wenye mwendo uliozidi. Mwaka 1980 wakatambua kwamba umakini ndio kiini, na mwaka 1987 likaja jina la ADHD. Zamani dalili zilitakiwa kuonekana kabla ya miaka 7. Tangu 2013 ni kabla ya 12.

Kwa hiyo miaka mingi watoto wetu walipokuwa wakichapwa Kabete, kwingineko watoto wa namna hiyo walikuwa wanapimwa na kutibiwa. Hapa petu elimu hiyo ilichelewa. Mwaka 2003 madaktari wa Nairobi, Maru, Kathuku na Ndetei, walichapisha utafiti juu ya watoto waliofikishwa katika mahakama ya watoto ya Nairobi, wakionyesha kwamba magonjwa ya akili si jambo geni miongoni mwao. Huo ulikuwa mwanzo mzuri wa kuuliza swali lililopaswa kuulizwa mapema: huyu mtoto ameletwa na nini?

Kwa nini wako wengi ndani

Duniani kote, katika kila watoto 100, karibu 5 wana tatizo hili. Lakini ndani ya magereza na mahabusu ya vijana idadi hupanda. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2015, ulipata karibu vijana 30 kati ya 100. Mwingine wa mwaka 2021 ulipata karibu 17 kati ya 100. Hesabu hutofautiana kwa sababu ya namna ya kupima, lakini zote zinasema jambo moja: waliofungiwa wana tatizo hili mara kadhaa kuliko watoto walio nyumbani.

Nisikilizeni vizuri hapa. ADHD haimfanyi mtoto kuwa mwizi. Watoto wengi wenye ADHD hukua wakawa mafundi, walimu, wafanyabiashara, wanariadha. Kinachowapeleka pabaya ni ngazi moja baada ya nyingine. Mtoto hashiki masomo, anaitwa mjinga. Anachapwa, anachukia shule. Anafukuzwa, anakuwa mtaani. Mtaani anakutana na wakubwa wenye bangi, gundi na chang'aa. Wakubwa wanapanga uovu, na yeye, asiyefikiri kabla ya kutenda, anatumwa mbele. Wenzake wanakimbia, yeye ndiye anakamatwa.

Akifika kituoni, shida inaendelea. Kukaa na kuhojiwa kwa muda mrefu hawezi. Anajibu haraka ili amalize, hata kukubali asilofanya. Ndani ya rumande kuna foleni, kengele, na amri ya kukaa kimya, yaani yale yale asiyoyaweza. Anavunja sheria za mle ndani na adhabu zinaongezeka. Mwishowe anaandikwa kuwa sugu, kumbe hajawahi kuulizwa swali hata moja la afya.

Mama mmoja aliniambia kliniki, "Sista, huyu nimempiga mpaka mkono ukachoka, na pasta amemwombea." Nilimwuliza kama mtoto aliwahi kuugua sana. Akafikiri. Akasema alilazwa na malaria ya kichwa akiwa na miaka 4, akapoteza fahamu siku mbili. Hakuna aliyewahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Linatoka wapi

Si uchawi, si laana ya ukoo, wala si mama kushindwa kulea. Mara nyingi hurithiwa, ndiyo maana baba mtu anasema, "Hata mimi nilikuwa hivyo." Pia hutokea zaidi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, aliyeumia kichwa, au ambaye mama alikunywa pombe akiwa mjamzito.

Malaria kali ya ubongo nayo ina mchango katika shida za umakini. Hospitali ya Mulago, Kampala, iliwafuatilia watoto waliopona malaria hiyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miaka 2, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa akili wa aina fulani, na umakini ndio ulioguswa zaidi. Kwa hiyo ukimlaza mtoto ndani ya neti, unaulinda pia ubongo wake.

Madini ya risasi ni adui mwingine. Tunashukuru petroli yenye risasi iliondolewa nchini kufikia mwaka 2006. Lakini kumbukeni Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwatia watu sumu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wazazi wa vijana wanaookota chuma chakavu, msiwaache wavunje wala kuchoma betri kuukuu.

Tena kuna yanayofanana na ADHD na siyo. Mtoto mwenye njaa hatulii. Asiyesikia vizuri hafuati maagizo. Asiyeona ubao huchezacheza. Mwenye kifafa cha kuduwaa huonekana kama yuko mbali. Aliyefiwa, aliyepigwa, au aliyenajisiwa, moyo wake hauko darasani. Ndiyo maana vipimo ni lazima.

Sheria nayo imebadilika

Mwaka 2001 viboko vilipigwa marufuku shuleni, na mwaka 2003 vikaondolewa katika hukumu za mahakama. Sheria ya Watoto ya 2001 ilizigeuza zile shule za zamani kuwa shule za kurekebisha tabia, kama Kabete, Wamumu, Othaya, na Kirigiti ya wasichana hapa Kiambu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto afungiwe tu pale njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asiwekwe pamoja na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 ikapandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, na ikaweka njia ya kumwepusha mtoto na kesi kwa makosa yanayofaa, ili asaidiwe akiwa nyumbani.

Mama, sheria hizi ni zako. Lakini hazitembei zenyewe.

Mama afanye nini

Kama mtoto bado yuko nyumbani, anza mapema. Andika unayoyaona: lini yalianza, wapi, mara ngapi. Zungumza na mwalimu bila ugomvi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, mtoto apimwe macho, masikio, damu na lishe. Akihitaji zaidi, utapewa barua ya kwenda Thika Level 5 au Mathari. Kwa upande wa masomo, ofisi ya elimu itakuonyesha kituo cha kupima mahitaji maalum ya watoto, EARC. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka 1984. Pale Kasarani, karibu na barabara yetu ya Thika, iko KISE, ambako watoto pia hupimwa.

Nyumbani, mpe agizo moja kwa wakati, ukimtazama machoni, naye alirudie. Siku iwe na ratiba ile ile: kuamka, kula, kazi, kulala. Msifu papo hapo anapofanya vizuri, hata kama ni kidogo. Adhabu iwe fupi, ya haki, isiyo ya kipigo. Mpe kazi ya kutumia mwili, kama kuchota maji au kulisha sungura. Mwombe mwalimu amketishe mbele na amtume tume.

Dawa ipo, lakini ni ya daktari bingwa na bei yake si ndogo. Usinunue kiholela, wala usimpe za mtoto wa jirani. Zikitumika vizuri zinasaidia. Uchunguzi mkubwa wa Sweden wa mwaka 2012, wa watu zaidi ya 25,000 wenye ADHD, ulionyesha kwamba katika vipindi walivyotumia dawa, makosa ya jinai yalipungua kwa karibu theluthi moja kwa wanaume, na zaidi kwa wanawake.

Na kama ameshakamatwa? Fika mapema, usimwache kwa hasira. Beba kadi yake ya kliniki, barua za hospitali na za shule. Mwambie afisa wa watoto na afisa wa probesheni historia yote: alivyozaliwa, alivyougua, alivyofukuzwa shule. Wao ndio wanaoandika ripoti ambayo hakimu anasoma, na wasichoambiwa hawawezi kukiandika. Omba mtoto apimwe na daktari. Kama alikuwa na dawa, waambie. Mtembelee, maana kijana asiyetembelewa hujiona ametupwa. Ukikwama, piga simu ya watoto, namba 116, ni bure.

Na sisi majirani, tuyaache majina. Mtoto anayeitwa mwizi kabla hajaiba, siku moja huona heri aibe. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, lakini hawakusema umkunje kwa nyundo.

Ya kukumbuka

1. ADHD ni tatizo la ubongo. Si ukaidi wala laana.
2. Si kila mtoto mtukutu analo, na si kila mwenye nalo atavunja sheria.
3. Kipigo hakikulitibu mwaka 1902 na hakilitibu leo.
4. Pima macho, masikio na lishe kwanza, kisha umwone daktari.
5. Mtoto akiwa rumande, historia ya afya yake ni sehemu ya utetezi wake. Ni wewe unayeijua.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Je, kijijini kwetu kuna mtoto aliyeacha shule kwa sababu ya kutotulia? Nani aliwahi kumpeleka hospitali? Kikundi chetu kinaweza kumsaidia vipi mama yake wiki hii?